Maji ya Kisima Kirefu Nayo Yapimwe

Anayetafuta nyumba ya kupanga Mugutha, pale kati ya Ruiru na Juja, huambiwa habari ya maji kabla hajaonyeshwa jiko wala choo. Ataambiwa kwamba ploti ina kisima chake, kwamba maji hayakatiki, na kwamba kisima kilichimbwa kwa mtambo hadi chini sana, kwa hiyo maji ni safi na anaweza kuyanywa. Mambo mawili ya kwanza atayahakiki mwenyewe akifungua mfereji. La tatu hana namna ya kulihakiki, na anayemwambia mara nyingi hana pia. Hata hivyo hilo ndilo linalosemwa kwa uhakika mkubwa kuliko yote, na limeenea Ruiru, Juja na Thika kiasi kwamba mpangaji anayeomba karatasi ya maabara huonekana mgomvi.

Nataka kulipinga. Lakini kwanza lisemwe vizuri, kama wanaoliamini wanavyolisema, maana wanaoliamini si watu wajinga.

Wanasema hivi. Mvua ikishapenya udongo na mwamba kwa miaka mingi huchujwa, na vijidudu haviwezi kufika mita 150 au 200 chini. Maji yake ni meupe, hayana harufu, na watu wameyanywa tangu mashamba ya kahawa na mkonge yalipoanza kukatwa ploti, bila mtu kuanguka. Mwenye hofu na achemshe. Visima vingi vilipimwa vilipochimbwa, cheti kipo. Na zaidi ya yote, maji ya kampuni huja kwa zamu na wiki nyingine hayaji kabisa. Mwenye kisima amefanya kazi ambayo serikali haikuifanya, na kumbana kwa vipimo ni kuwaacha wapangaji na mitungi mitupu.

Humo ndani mna ukweli. Kisima kirefu kilichojengwa vizuri huwa na vijidudu vichache kuliko kisima cha kamba. Sensa ya 2019 iliukuta mji wa Ruiru na watu 490,120, na watu wengi namna hiyo hawakuweza kungoja mabomba. Ninachokataa ni hitimisho linalochomolewa humo, kwamba maji ya kina kirefu hayana haja ya kupimwa, au yakipimwa mara moja yametosha.

1. "Yametoka chini sana"

Mwamba wa sehemu hizi ni wa volkano: tabaka za lava na majivu yaliyoshikana, moja juu ya nyingine, matokeo ya milipuko ya kale. Mawe ya Ndarugo tunayojengea nyumba zetu ni ya jamii hiyo. Maji ya visima hukaa katika nyufa za lava na katika mashapo yaliyonaswa kati ya tabaka, na penye ufa maji hupita bila kuchujwa sana. Lakini hata mwamba ungekuwa mzima, mchimbaji ameutoboa. Tundu la mtambo huwa pana kuliko bomba linaloshushwa ndani yake, na nafasi inayobaki kati ya bomba na mwamba sharti izibwe kwa saruji au kwa udongo maalumu katika mita za juu. Ikiachwa wazi, au ikizibwa ovyo ili mtambo uwahi kazi nyingine, maji ya uwanjani hushuka kandokando ya bomba mpaka yakutane na maji ya kunywa. Hapo kina cha mita 200 hakimlindi mtu. Kinachomlinda ni zile mita chache za juu, na hizo zikishafukiwa hakuna anayeziona tena. Njia pekee ya kujua zikoje ni kupima maji yanayotoka.

Sasa tazama kilichoko juu ya ardhi. Ploti ya kawaida ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30 hivi. Juu yake limesimama jengo la ghorofa kadhaa, kisima kiko pembe moja na shimo la maji taka pembe nyingine, na jirani kafanya vivyo hivyo. Miongozo ya Sphere, ambayo mashirika ya misaada huifuata hata katika kambi za wakimbizi, inataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji. Huo ni urefu mzima wa ploti. Kwa hiyo mwenye nyumba mwangalifu kuliko wote, akiweka kisima chake mbali kabisa na shimo lake, anaweza kuwa amekisogeza karibu na shimo la jirani, hatua chache nyuma ya ukuta. Mitaa ya Manyatta na Migosi kule Kisumu imechunguzwa kwa miaka na watafiti waliohesabu vyoo vilivyouzunguka kila kisima, wakavikuta visima vifupi vimechafuliwa na kinyesi. Visima vyetu ni virefu kuliko vile, lakini msongamano tunaoujenga ni uleule.

Pia wanaosema maji ya chini yametengwa na uchafu wa juu husema, katika mazungumzo hayohayo, kwamba kisima hakitakauka kwa kuwa mvua hukijaza tena. Husema vilevile kwamba jirani alipochimba chake, chao kilipungua nguvu. Kama mvua inakifikia, basi kuna njia ya kutoka juu hadi chini. Kama kisima cha jirani kinavuta maji ya kisima chako, mnakunywa maji mamoja, na ajali ya jirani ni yako. Huwezi kuyataka maji yawe yameunganishwa unapozungumzia wingi wake na yawe yametengwa unapozungumzia usafi wake.

Na kina chenyewe kina madhara yake. Maji yakikaa muda mrefu katika mwamba wa volkano huyeyusha floraidi. Kwa miongo mingi imejulikana kwamba visima virefu vya Nairobi na viunga vyake, katika sehemu nyingi, vina floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka na ambacho kiwango cha Kenya cha maji ya kunywa kinakifuata. Kisima cha jirani wa upande huu kinaweza kuwa chini ya kiwango na cha upande ule juu yake, kutegemea tabaka ambalo kila kimoja kinavuta. Kuchimba zaidi kunaweza kukuepusha na choo na kukuingiza kwenye floraidi. Kwa hiyo anayejivunia urefu wa kisima chake ametaja hasa sababu ya kukipima.

2. "Ni meupe na matamu"

Ulimi na macho havikuumbwa kutambua floraidi, nitrati wala bakteria. Chumvi utaionja, chuma utakiona kikitia kutu kwenye beseni, na kwa sababu hiyo mtu huyakataa maji yenye chumvi kidogo, ambayo huenda hayamdhuru, akayapokea yaliyo laini bila swali.

Ushahidi wa jambo hili una umri wa zaidi ya miaka 170. Kipindupindu kilipozuka mtaa wa Soho, London, mwaka 1854, daktari John Snow alifuatilia vifo hadi kwenye pampu moja ya Broad Street. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mama mjane aliyeishi mbali, Hampstead, ambako hakukuwa na ugonjwa. Alikuwa akiletewa chupa ya maji ya pampu ile kwa gari kwa sababu aliipenda ladha yake kuliko maji ya kwake. Baadaye kuta za shimo la maji machafu zilipochimbuliwa karibu na kisima, zilionekana zimeoza, na kutoka shimoni hadi kisimani hapakutimia hata mita moja. Mama yule aliyachagua maji yake kwa kigezo kilekile tunachokitumia Mugutha.

3. "Tumeyanywa miaka mingi"

Nani ameyanywa miaka mingi? Ploti za Mugutha ni za wapangaji. Mtu hukaa mwaka au miwili, akapata kazi Athi River au chumba cha bei nafuu Juja, akahama. Mtoto aliyeharishwa na maji ya kisima cha kwanza anatibiwa karibu na kisima cha pili. Hakuna daftari linalomfuata mpangaji na historia ya maji aliyokunywa, na pasipo daftari, "hakuna aliyeanguka" maana yake ni kwamba hakuna aliyehesabu.

Floraidi ndiyo inayolidanganya dai hili zaidi. Huharibu meno ya kudumu yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo. Madoa meupe au ya kahawia huonekana miaka kadhaa baadaye meno yanapoota, na hayaoshwi kwa mswaki. Mzazi aliyehamia hapa akiwa mtu mzima anaweza kuyanywa maji hayo miaka kumi meno yake yasiguswe, akaapa ni salama, na mwanawe wa miaka mitatu akawa analipa mezani pamoja naye. Wakenya wengi huyahusisha meno ya kahawia na Nakuru na Naivasha, kana kwamba ni alama ya kuzaliwa ya watu wa kule. Meno hayo yanatokana na maji, na mwamba wa volkano hauishii Naivasha.

Kuhusu taifodi, gharama yake imejificha mahali tunapopita kila siku. Mtu akijisikia homa na tumbo, huenda kwenye kliniki ndogo ya mtaani akatolewa damu kwa kipimo cha Widal, akaambiwa ana taifodi, akauziwa dawa za kuua bakteria. Baada ya miezi mitatu anarudi kwa jambo lilelile. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, hutafuta kingamwili tu, na kingamwili zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au wa vijidudu vingine. Wataalamu wameonya mara nyingi kwamba peke yake hakitoshi kuthibitisha taifodi. Basi kaya moja inaweza kulipia vipimo vya damu visivyoaminika mara kwa mara, na dawa zinazozoesha bakteria usugu, huku kisima kinachoshukiwa kuwa chanzo hakijapimwa hata mara moja. Fedha za kupima zipo. Zinatoka mfukoni mwa mgonjwa na kwenda kupima kitu kingine.

4. "Mwenye hofu achemshe"

Kuchemsha huua vijidudu, na mwenye shaka na maji yake aendelee kuchemsha leo. Ila hakuondoi floraidi wala nitrati. Maji yakipungua kwenye sufuria, kilichobaki kinakuwa kizito zaidi. Nitrati hutoka kwenye maji taka na kwenye mbolea, na udongo wa hapa umenyweshwa mbolea ya kahawa kwa vizazi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaolishwa maziwa ya kopo, kwa kuwa nitrati inaweza kuizuia damu yao kubeba oksijeni. Mama anayeyachemsha maji kwa muda mrefu ili mtoto awe salama anafanya alichofundishwa, lakini hatujamwambia kilichomo ndani ya sufuria.

Floraidi inataka dawa nyingine. Jimbo Katoliki la Nakuru kwa miaka mingi limetengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa, na kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha kimefanya kazi hiyohiyo. Lakini hakuna anayenunua kichujio cha floraidi kabla hajajua kama ana floraidi. Ushauri wa kuchemsha, ukitolewa mahali pa kipimo, unamhamishia mpangaji gharama ya gesi na makaa ili mwenye kisima asilipie maabara, na bado unaiacha nusu ya tatizo.

Wazo kwamba maji ya ardhini yanayoonekana safi hayana haja ya kupimwa, Bangladesh ilililipia kwa bei kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa UNICEF, vilichimbwa visima vya bomba kwa mamilioni ili watu waache maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema. Maji yalionekana safi, yametoka ardhini, na hayakupimwa sumu ya aseniki. Mwaka 1993 ikathibitishwa kwamba aseniki imo, na mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani likachapisha makadirio ya watu kati ya milioni 35 na 77 waliokuwa hatarini. Sisemi Mugutha kuna aseniki. Nasema taifa zima lilitulizwa na sentensi ileile tunayoisikia kwa keyateka wa ploti.

5. "Cheti kipo"

Ulizia kiko wapi, kina tarehe gani, na sampuli ilichotwa wapi. Aghalabu kitakuwa cha siku ya uchimbaji, sampuli ikiwa imetoka mdomoni mwa bomba baada ya pampu kunguruma saa nyingi. Kwa floraidi, cheti hicho kina maana, kwa kuwa mwamba haubadiliki haraka. Kwa bakteria kinaeleza siku ile tu. Tangu hapo ploti tano zimejengwa jirani, mashimo mapya yamechimbwa, na mvua kubwa zimepita, zikiwemo za Aprili na Mei 2024 zilizofurika Nairobi na kaunti za jirani hadi maji ya vyoo yakachanganyika na ya barabarani.

Na hakuna mtu anayeinamisha kinywa kwenye mdomo wa bomba. Maji hupanda kwenye tangi la paa ambalo mfuniko wake ulipeperushwa, hushuka kwa mabomba yenye viungo vinavyovuja, huingia kwenye mtungi wa lita 20 uliokuwa wa mafuta ya kupikia, husukumwa kwa mkokoteni, hukaa jikoni siku mbili. Uganda walijifunza haya mwaka 2015, taifodi ilipoikumba Kampala na wagonjwa wa kushukiwa wakapita 10,000. Wachunguzi walielekeza kidole kwenye maji machafu na kwenye vinywaji vilivyotengenezwa kwayo na kuuzwa mitaani. Kipimo kinachoishia kisimani hakimlindi anayekunywa kwenye mtungi.

Kiutaratibu, upimaji wa bakteria si kazi ya ajabu. Chupa iwe imetakaswa, mfereji ufunguliwe maji yatiririke kwanza, sampuli iwekwe kwenye baridi na ifike maabara ndani ya saa sita au, ikichelewa sana, siku moja. Huko mililita 100 huchujwa na kuoteshwa kwenye joto maalumu kwa siku moja hivi. Jibu linalotakiwa ni kwamba hapana E. coli hata mmoja. Ukiletewa chupa ya soda iliyosuuzwa na kuachwa juani hadi jioni, matokeo yake hayana thamani, hata yakipigwa muhuri mara tatu.

Kwa nini basi hakuna anayedai kipimo kirudiwe? Kwa sababu kila ofisi imeshika kipande. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, hutoa vibali vya kuchimba na kuvuta maji. Bodi ya WASREB husimamia kampuni zinazouza maji, kama RUJWASCO ya Ruiru na Juja na THIWASCO ya Thika. Afya ya umma iko chini ya kaunti. Mwenye ploti anayewapa maji wapangaji arobaini si kampuni, na mfereji wake uko ndani ya geti lake. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Mpangaji wa Mugutha anayo haki hiyo, ila hana ofisi ambayo inaona ni kazi yake kumwonyesha karatasi.

6. "Mkipima mtafunga visima, watu wafe kiu"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Watu wa Ruiru wanajua maana ya kukosa maji. Kwa miongo mingi wameyaona mabomba yakitoka Ng'ethu, Gatundu, yakibeba maji ya Ndakaini kwenda Nairobi, yakikatiza kaunti yao. Bwawa la Karimenu II lilifunguliwa mwaka 2022 kwa ahadi ya mita za ujazo 70,000 kwa siku, Ruiru na Juja zikitajwa mbele, lakini ahadi haijazi mtungi wa leo. Afisa akija na kufuli, watu watarudi mtoni, na hilo ni baya zaidi.

Lakini ni nani aliyesema kwamba jibu baya la maabara lina dawa moja tu, ya kufuli? Bakteria wakionekana, kisima hutiwa klorini, mdomo wake huzibwa upya, tangi husafishwa, shimo linalovuja hutafutwa. Floraidi ikizidi, maji yaleyale yanafua, yanaogesha na kupiga deki bila shida yoyote, na maji ya kunywa na kupikia, lita chache kwa mtu kwa siku, hutafutwa kwenye chanzo kingine au kwenye kichujio. Bangladesh haikufunga visima vyake. Ilivipima karibu milioni 5, ikavipaka rangi: nyekundu penye aseniki kupita kiwango, kijani penye usalama. Vilivyopakwa nyekundu vilifika milioni 1.4 hivi, na watu waliendelea kuvifulia huku wakichota maji ya kunywa kwa jirani mwenye kijani. Tofauti waliyoipata ni kwamba mnywaji alijua. Hapa kwetu anayejua, kama yupo, ni yule anayepokea kodi.

Imebaki gharama. Kuchimba kisima kirefu hapa huzidi shilingi milioni moja, na mwenye nyumba aliyezitafuta hizo hawezi kudai kwamba maabara imemshinda. Hata akitaka wanywaji wachangie, hesabu ni nyepesi. Tuseme kisima kinatoa mitungi 200 kwa siku. Kwa mwaka ni 73,000. Shilingi moja katika kila mitungi mitano inaleta 14,600, fungu la kutosha kuanzia: bakteria baada ya mvua za masika na za vuli, sampuli moja kisimani na nyingine kwenye mfereji wa mwisho, floraidi na nitrati mara moja kisha kila baada ya miaka michache. Karatasi ya majibu isikae kwenye droo ya mwenye nyumba. Ibandikwe ukutani kando ya mfereji, ikiwa na tarehe, jina la maabara na mahali sampuli ilipochotwa, na nakala yake iambatishwe kwenye mkataba wa kupanga pamoja na risiti ya amana. Mpangaji asiyeiona ana haki ya kuiulizia kabla hajatoa kodi ya mwezi wa kwanza, na maafisa wa afya wa kaunti wanaweza kuanza kesho asubuhi kwa kupita geti hadi geti wakiuliza swali hilo moja.